Maombi ya Mtu Aliye Majini

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyotolewa redioni kutoka Kisumu. Somo: Mathayo 14:22-33.

Wengine wenu mnatusikiliza mkiwa mezani na kikombe cha chai. Wengine mko ndani ya matatu, mmebanana. Na twajua, kwa kuwa ni washirika wetu, kwamba wako waliotoka majini saa hii tu, omena wameanikwa mchangani, na redio imetundikwa kwenye mti kando yao. Karibuni nyote.

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya maombi. Twajua mmesikia mahubiri mengi juu ya maombi, na pengine mengine yalitoka kwetu sisi wenyewe. Kwa hiyo leo hatutasema juu ya maombi kwa jumla. Twataka tuangalie jinsi watu wa Biblia walivyoomba siku walipobanwa, kisha tujiulize kama sisi tunaokaa kando ya ziwa hili huomba hivyo.

Hadithi ya somo letu mwaijua. Bwana alikuwa amewalisha watu elfu tano. Akawalazimisha wanafunzi wapande chomboni wamtangulie ng'ambo, naye akapanda mlimani peke yake kuomba. Upepo ukawapinga. Wakahangaika na mawimbi usiku kucha, na ilipofika zamu ya nne, yaani kati ya saa tisa usiku na mapambazuko, wakamwona Yesu akija akitembea juu ya maji. Wakapiga kelele kwa hofu. Petro akaomba ruhusa ya kumwendea, akashuka, akatembea hatua kadha wa kadha, kisha akatazama upepo akaogopa, na maji yakaanza kumchukua. Hapo ndipo alipoomba. Katika Biblia yetu ya Kiswahili maombi yake ni maneno mawili tu: alimwita Bwana, akamwomba amwokoe. Hakuna neno la tatu. Hata Amina haipo.

Wako watu wasiojua maji ambao humcheka Petro. Sisi wa hapa hatumcheki. Ni kweli kwamba Ziwa la Galilaya ni dogo. Urefu wake ni kama kilomita 21 na upana wake kama 13, na lingeweza kutiwa ndani ya Ghuba yetu ya Winam nafasi ikabaki. Ziwa Victoria lote, ambalo wazee wetu waliliita Nam Lolwe, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini mtu hahitaji ziwa kubwa ili azame. Yatosha maji yapite kimo chake. Na Petro alikuwa mvuvi. Wavuvi wa Dunga na Usenge na Mbita watatuambia kwamba anayeogopa upepo wa usiku si mwoga, bali ni mtu anayejua kinachokuja.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba sala njema ina sehemu zake: kumsifu Mungu, kuungama, kushukuru, kuwaombea wengine, na kujiombea. Mafundisho hayo ni mazuri na bado twayafuata, maana hata Kitabu chetu cha Sala kimepangwa kwa hekima ya namna hiyo. Lakini Petro, kama angeanza na sehemu ya kwanza, angemalizia chini kabisa. Kuna wakati wa sala ndefu na kuna wakati wa maneno mawili, na shida yetu sisi watu wa kanisa, hasa sisi wachungaji, ni kwamba tumeuzoea wakati ule wa kwanza hata twautumia mahali pa ule wa pili. Wengine wetu tukisimama kuomba humpasha Mungu habari za parishi nzima, kana kwamba Yeye hakuwapo wakati matangazo yalipokuwa yakisomwa.

Twasema hivi kwa sababu tulipata kufundishwa jambo hili, tena kwa aibu.

Mwaka 2020 mtaukumbuka. Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona uliingia nchini. Shule zikafungwa, na makanisa pia. Kisha masika yakaja bila huruma. Mto Nyando na Mto Nzoia ikafurika, na ziwa lenyewe likapanda hadi kimo ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona tangu kuzaliwa. Wazee walilinganisha na mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati wa Uhuru. Watu wa uwanda wa Nyando wakaacha nyumba zao wakahamia katika madarasa ya shule, yaliyokuwa matupu kwa sababu ya korona. Tukaenda kuwatazama, sisi na mzee mmoja wa kanisa, na magunia machache ya unga yaliyochangwa na Umoja wa Akina Mama.

Ndani ya darasa moja mlikuwa na jamaa sita. Tukasimama mlangoni, tumefunika nyuso kwa barakoa, tukaomba. Na tuliomba vizuri, ndugu zangu! Tulianza na maji ya Mwanzo, Roho wa Mungu akitulia juu yake. Tukapita kwa Nuhu na safina. Tukavuka Bahari ya Shamu pamoja na Musa, na Yordani pamoja na Yoshua. Hata Yona tulimtaja. Tulipokwisha kusema Amina, mama mmoja mjane, mtu mzima, aliyekuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, akatutazama kwa upole akasema, "Mchungaji, asante. Umemweleza Mungu habari za maji yote, isipokuwa haya yetu."

Hatukuwa na la kujibu. Mzee wa kanisa aliinamisha kichwa, na twashuku kwamba chini ya barakoa alikuwa akicheka.

Tukamwuliza, "Basi Mama, tuombe nini?" Akasema, "Nitaomba mwenyewe." Na hapo alipoketi, bila kufumba macho, akamwambia Mungu mambo matatu. Kwamba mjukuu wake mdogo anaharisha tangu juzi, na vyoo vyote vya kijijini vimefunikwa. Kwamba kaburi la mume wake liko chini ya maji, naye halali usiku akiliwaza. Na kwamba ana hasira na jirani yake, aliyetoa ng'ombe wake mwenyewe usiku ule wa mafuriko na kumwacha wa mjane amefungwa kambani. Alipofika hapo akanyamaza. Hakumwomba Mungu amwondolee hasira hiyo. Alimwonyesha tu, kama mtu anavyomwonyesha daktari kidonda.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba jirani yule alikuwa ndani ya darasa lile lile, upande wa dirishani. Alisikia kila neno. Hakujitetea, wala hakuomba radhi mbele yetu. Lakini tuliporudi siku ya pili tuliambiwa kwamba mtoto amekwisha kupelekwa zahanati kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa ya jirani.

Hatutaki kuipamba hadithi hii kuliko ilivyokuwa. Ng'ombe hakurudi. Maji yalikaa miezi mingi, na kaburi lilipoonekana tena, msalaba haukuwapo. Twalolisema ni hili: katika sala yetu ndefu jirani yule alikuwa amekaa salama kabisa. Mjane alipoomba kwa maneno yaliyo wazi, mtu wa pili darasani alijua la kufanya.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma maombi ya Biblia kwa jicho jingine, na tumeona jambo ambalo hapo kwanza lilitupita. Watu wale hutaja kitu chenyewe. Tazama yule rafiki wa usiku wa manane katika Luka sura ya 11. Bwana wetu angeweza kusema tu kwamba mtu yule aliomba msaada. Hakusema hivyo. Alisema aliomba mikate mitatu. Alikuwa amekwisha kuhesabu kabla ya kubisha hodi! Tena tazama Mfalme Hezekia. Alipopokea barua ya vitisho kutoka kwa Waashuri, hakwenda kumsimulia Mungu maana yake kwa ufupi. Aliichukua barua yenyewe akapanda nayo nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Je, wewe uliye na barua ya shule inayosema mtoto asirudi bila karo, au ile ya benki, umepata kuikunjua hivyo? Au umeificha chini ya godoro, kisha ukaomba Mungu abariki nyumba yako kwa jumla?

Na Hana. Hapa akina mama watatusamehe tukikaa kidogo, maana kwetu mwanamke asiye na mtoto hubeba mzigo ambao sisi wanaume hatuujui, na mara nyingi ni sisi tunaomwongezea. Hana alikuwa na mke mwenza mwenye watoto, aliyemchokoza mwaka baada ya mwaka, tena wakati wa sikukuu, wakati wa kwenda kuabudu. Alikuwa na mume aliyempenda, lakini aliyedhani kwamba mapenzi yake yalitosha kuwa badala ya watoto kumi. Na alikuwa na kuhani, mtu wa Mungu, aliyemtazama akiomba akadhani amelewa. Twakiri kwamba sisi makasisi twapaswa kuisoma sehemu hiyo polepole. Hana hakukasirika, alimweleza Eli kwamba alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana. Aliomba mtoto wa kiume, akataja na atakachofanya naye.

Lakini kuna kitu kidogo ambacho watu hukiruka wanapokimbilia kuzaliwa kwa Samweli. Alipokwisha kuomba, akiwa bado hana mimba wala ishara, Hana alikwenda akala chakula, na uso wake ukabadilika. Alikuwa amekwisha kuyasema yote, na sasa yalikuwa mikononi mwa Mwingine. Twamjua mama mmoja katika mitaa ya Kisumu ambaye hakupata mtoto hata leo. Alitwambia kwamba katika Biblia nzima anapenda zaidi pale Hana alipokula, kuliko pale alipozaa.

Sasa twende kwa Nehemia, kwa sababu wako watu wanaosema, "Mchungaji, kutaja shida twaweza, lakini baada ya kuitaja?"

Nehemia alipata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Akalia, akafunga, akaomba. Na ukihesabu miezi anayoitaja mwenyewe, kutoka Kisleu hadi Nisani, utaona kwamba aliomba kama miezi minne kabla ya mfalme kumwuliza kwa nini uso wake una huzuni. Alipoulizwa, kati ya swali la mfalme na jibu lake, aliomba tena. Maombi hayo hayakuchukua hata muda wa kumeza mate. Kisha akafungua kinywa, na tazama alichoomba: ruhusa, siku za safari, barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua ya Asafu mtunza msitu ili apate miti ya malango. Alijua mpaka jina la mtunza msitu! Basi ile miezi minne ya maombi hakuwa amekaa tu. Alikuwa akipanga mbao. Na baadaye, adui walipotishia ujenzi, asema kwamba walimwomba Mungu, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Wala haonyeshi kuona kwamba kuweka walinzi ni upungufu wa imani.

Askofu Henry Okullu, aliyewekwa kuwa Askofu wa Maseno Kusini mwaka 1974, alikuwa mtu wa namna hiyo machoni pa wengi hapa kwetu. Aliomba, kisha akasema wazi mbele ya wakuu wa nchi yale yaliyopasa kusemwa. Wako waliomwambia arudi kwenye sala zake. Hakuona kwamba ameziacha.

Mtuwie radhi sasa tukitaja jambo ambalo kwa kawaida halitajwi redioni asubuhi, watoto wakisikiliza. Mnalijua, nanyi watoto wa ufuoni mnalijua mapema kuliko ipasavyo. Ni desturi iitwayo jaboya. Mwanamke anayechuuza samaki hukosa samaki wa kununua mpaka awe na mvuvi wake, na mvuvi huyo hulipwa si kwa shilingi tu, bali kwa mwili wa mama yule. Kaunti za Homa Bay, Siaya na Kisumu zimekuwa miongoni mwa zile zilizoumizwa zaidi na UKIMWI katika nchi yetu, na desturi hii imechangia. Kwa miaka mingi sisi kanisani tuliomba juu ya jambo hili kwa lugha ya mbali. Tuliomba Mungu awahurumie akina mama wetu wafanyao biashara, basi. Mwanamke aliyepiga magoti katika kiti cha nyuma, mwenye kujua kwamba alfajiri ya kesho atarudi ufuoni kwa bei ile ile, hakusikia katika sala ile neno moja linalomhusu. Na mvuvi wa jaboya aliyeketi kiti cha mbele, pengine ametoa fungu la kumi, alisema Amina kwa sauti kubwa.

Mwaka 2011 akina mama wa ufuo wa Nduru, katika Kaunti ya Kisumu, walianza kupata mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili. Wanaume wakaajiriwa kuvua, na samaki wakawa wa mama mwenye mashua. Wakakipa chama chao jina linalosema waziwazi kwamba hawatanunua tena samaki kwa miili yao. Jina hilo liliwakwaza baadhi ya watu wa heshima. Sisi twaliona ni mfano wa kuomba kama Nehemia: ukuta uliobomoka umetajwa kwamba umebomoka, na mbao zimetafutwa. Kisha yakaja mafuriko ya 2020, maji yakaingia kijiji hicho, wakaaji wakatawanyika. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena. Hatuwezi kuwaambia kwamba mtu akiomba vizuri na kufanya kazi vizuri maji hayatakuja. Biblia haikusema hivyo.

Na hapa twafika penye ugumu, nasi hatutaki kupazunguka.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, katika ziwa hili hili letu, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kubeba watu 101; waliokufa peke yao walizidi 200. Na kwetu huku hakupiti mwaka bila mashua kutorudi. Ndugu zangu, ndani ya maji yale walikuwamo watu waliosema maneno yale yale mawili ya Petro. Walikuwamo Wakristo, na wazee wa kanisa, na watoto wa shule ya Jumapili. Waliita kama yeye, tena pengine kwa imani kuliko yeye. Wala hatukuuona mkono ukiwashika.

Tumesimama kando ya makaburi yao. Tumeulizwa na wake zao, "Mchungaji, kwa nini Petro?" Na twakiri kwamba zamani tulikuwa na majibu, na majibu hayo yaliumiza. Tulipata kumwambia mama mmoja kwamba Mungu alimpenda mno mume wake ndiyo maana akamchukua. Alitujibu kwamba yeye pia alimpenda. Hatukurudia tena jibu hilo.

Lakini tuseme nini? Tutasema lililo katika Biblia, hata kama halijibu kila kitu. Usiku ule wa Galilaya, chomboni alikuwamo Yakobo mwana wa Zebedayo, mvuvi mwenzake Petro. Aliona kwa macho yake Bwana akinyosha mkono. Sasa fungua Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode anamwua Yakobo kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, kanisa linamwombea kwa juhudi, na Petro anatolewa gerezani na malaika. Kanisa lile lile, mfalme yule yule, karibu siku zile zile. Mmoja amefunguliwa minyororo na mmoja amezikwa. Luka, anayependa kueleza mambo kwa taratibu, hapa haelezi neno. Hasemi kwamba Yakobo alikosa imani. Hasemi kwamba kanisa halikumwombea. Anaandika tu kwamba aliuawa, kisha anaendelea. Na Yohana, nduguye Yakobo, aliendelea pia kukaa katika kanisa lile lililokuwa likishangilia kufunguliwa kwa Petro. Twamfikiria Yohana mara nyingi, hasa siku za mazishi.

Bwana wetu mwenyewe aliomba Gethsemane kwamba kikombe kimwondokee. Aliomba mara tatu, na Mathayo asema mara ya tatu alisema maneno yale yale. Hakutafuta maneno mapya yaliyo mazuri zaidi, kama kwamba ya kwanza yalikuwa na kasoro. Na kikombe hakikuondoka. Basi wewe ambaye hukupewa ulichoomba, asije mtu akakuambia kwamba hukujua kuomba. Daudi naye alilala chini siku saba akimwombea mtoto wake. Mtoto akafa, na Daudi akaondoka, akaoga, akaenda kuabudu, kisha akala. Watumishi wake hawakumwelewa. Pengine hata sisi hatumwelewi sana.

Jambo moja twaweza kulisema kwa sauti, nalo latuhusu sisi tulio hai. Petro alipoanza kuzama hapakuwa na kitu kingine cha kufanya ila kuita. Lakini kivuko kinapopakia watu mara mbili ya kiasi chake, bado kipo nchi kavu, na wakati huo liko la kufanya. Ni desturi nzuri kwetu kwamba mashua zikiwa tayari kusukumwa jioni, mmoja huvua kofia akaomba. Tafadhali msiiache. Lakini tumeona kwa macho yetu jaketi za kujiokolea zikining'inia katika banda la ufuo, mpya, na vumbi juu yake, wakati wenye mashua wakisema Amina. Tukauliza. Wakatuambia kwamba zinabana mikono wakati wa kuvuta nyavu, tena mwenye imani hazihitaji. Hilo la kubana twalikubali. Hilo la pili Nehemia hakulijua.

Wengine mtasema, "Sisi si wavuvi." Najua wako mliozama mahali pakavu. Kuna kijana amemaliza chuo miaka minne iliyopita na kila asubuhi hutoka nyumbani Kondele au Nyalenda akiwa amevaa shati safi, ili majirani wadhani ana pa kwenda. Kuna mama anayeuguza mtu ambaye hatapona. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai 2020, tuliruhusiwa watu mia moja tu kwa saa moja, na tuliogopa kwamba watu wamesahau kuomba. Tukakuta kwamba wengi walikuwa wameanza kuomba nyumbani, kama Danieli dirishani pake, mara tatu kwa siku, kwa lugha ya mama zao na kwa maneno machache, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwasikiliza ila Mungu na watoto. Mzee mmoja alitwambia alijifunza kuomba akiwa na umri wa miaka sabini. Tulimbatiza wajukuu wake, na miaka yote tulidhani anajua.

Mtazameni Petro mara ya mwisho. Mathayo asema kwamba Yesu alinyosha mkono mara moja akamshika, na kwamba upepo ulikoma walipokwisha kupanda chomboni. Yaani kutoka pale alipozama mpaka kwenye chombo, Petro alitembea, au alivutwa, katika upepo ule ule na mawimbi yale yale. Tofauti ilikuwa mkono.

Na tuombe. Ee Bwana, wako watu usiku wa leo watakaokuwa majini na taa zao wakingoja omena, uwarudishe. Mama anayesimama ufuoni alfajiri na pesa chache mkononi, umpe samaki kwa bei ya samaki. Mtoto anayeharisha, na anayembeba kwenda zahanati. Kijana wa shati safi. Wenye barua chini ya godoro. Waliokuita na hatukuuona mkono wako, na walioachwa nao. Twakuomba kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.